Kipande Kimoja Kilichokataa

Mgeni aliingia karakana bila hodi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akachomoa meno yake ya juu na kuyaweka mezani kama mtu anayeweka funguo baada ya kufika nyumbani.

"Haya yanacheza," alisema kwa mdomo mtupu. "Lakini siyo yaliyonileta."

Fundi wa meno ya bandia alikuwa na plasta mpaka viwiko. Kwa miaka ishirini na mitatu, katika chumba kile chenye dirisha moja na jiko dogo la kuyeyushia nta, alikuwa ameona watu wa kila aina: wanaocheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja, wanaolia wakijiona kwenye kioo, hata bwana harusi mmoja aliyetaka jino la mbele kabla ya Jumamosi. Mtu wa kutanguliza meno na kuchelewesha salamu alikuwa hajakutana naye.

Mzee alikuwa mrefu na mkavu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakaribia kukata. Alitoa leso mfukoni, akaifungua pembe moja baada ya nyingine. Ndani mlikuwa na mchemraba wa rangi, ule mchezo wa vipande vidogo unaozungushwa na kuzungushwa mpaka kila upande ubaki na rangi yake moja. Huu ulikuwa wa siku nyingi. Nyeupe yake ilikuwa imegeuka rangi ya siagi, rangi zimechanganyika ovyo, na kona moja ilikuwa imeng'atwa.

Fundi aliitambua ile alama ya meno kabla hajautambua mchemraba. Mikato miwili mipana, na kijipengo katikati. Meno ya mtoto wa miaka minane au tisa. Yalikuwa meno yake mwenyewe.

"Wewe ndiye binti wa Shubaka," mzee alisema. Hakuwa anauliza.

Jina hilo fundi alikuwa hajalisikia tangu msiba wa baba yake, miaka sita iliyopita. Baba alikuwa mchambuzi wa barua posta, chumba cha nyuma, mbele ya ukuta mzima wa vishubaka vya mbao, kila kishubaka na mji wake. Wenzake walimwita Shubaka. Na huyu, alijieleza sasa huku akirudisha meno mdomoni, ndiye aliyekaa mkono wake wa kulia miaka yote ile, akigonga mihuri. Naye wakampachika jina la Muhuri, likamganda mpaka mkewe akawa anamwita hivyo mbele ya wakwe.

Habari yake ilikuwa fupi. Mwaka ambao Shubaka alikata tamaa na mchemraba, alimpa yeye, akamwambia: ukiweza, nirudishie umekamilika, usipoweza, usinirudishie kabisa, nisiuone tena. Muhuri alihangaika nao miaka thelathini na minne. Alifuata maelekezo yaleyale aliyoyafuata mwenzake, hatua kwa hatua, na kila mara mwishoni kikabaki kipande kimoja, kimoja tu, kimepinduka. Msiba ulimkuta mji mwingine. Sasa alikuwa anahamia kwa bintiye, mbali, baada ya miezi mitatu, na binti amesema mizigo miwili, baba, si zaidi.

"Uache hapa," fundi alimwambia, kwa namna anavyowaambia wateja waache meno yao. "Kabla hujaondoka nitakuletea umekamilika, na nitakuambia mlikuwa mnakosea wapi."

Mzee alimtazama sana.

"Hilo la pili ndilo ninalolitaka," alisema. "La kwanza hata mjukuu angenifanyia. Mimi nataka kujua tulikosea wapi. Unaniahidi?"

Akamwahidi. Akamkazia na meno, bila malipo, kwa heshima ya marehemu.

*

Jioni ile fundi hakufanya kazi nyingine. Aliuweka mchemraba kwenye rafu, kati ya kalibu za plasta, na kila alipoinua macho alimwona baba.

Alimwona akirudi kutoka kazini na kile kikofia cha mpira cha kidole gumba, alichokuwa akikisahau kidoleni mpaka wakati wa kunawa. Alimwona akisukuma sahani pembeni, akitandika karatasi za maelekezo ya mchemraba alizonakili kwa mkono kutoka kwenye gazeti la mtu, akianza. Nyumba nzima ilikuwa inajua hatua alipofika kwa sauti ya mchemraba: mwanzo ulikwaruza haraka, katikati ukapunguza, na mwishoni ukanyamaza. Kisha ndiyo sauti ya baba, chini: "Kimoja tu. Kimoja tu kinanikatalia."

"Labda kina mume wake," mama alikuwa akimtania kutoka jikoni, na baba akicheka.

Mwaka uliofuata alicheka kidogo. Baadaye hakucheka. Usiku mmoja alizikunja zile karatasi, akasema kichwa chake ni cha barua, si cha mambo yenye akili, na alilisema kwa utulivu kiasi kwamba hakuna aliyejua kuwa lilikuwa neno la kujibiwa. Kulikuwa na fomu ya mtihani wa kupanda cheo juu ya kabati wakati huo. Ilikaa palepale hadi ikageuka njano, kisha siku ya usafi ikatupwa.

*

Kesho yake alikwenda maktaba kutafuta kitabu cha mchemraba. Mkutubi, mwanamke wa makamo ambaye mji mzima ulimwita Kimya kwa sababu ndilo neno alilolitumia zaidi, alimtazama juu ya miwani, akavuta droo, akatoa mchemraba mpya unaoteleza kama umepakwa mafuta, akaukamilisha kwa sekunde kumi na nane, akaurudisha kwenye droo.

"Vitabu vipo," akasema. "Lakini njoo Jumamosi, chumba cha chini."

Chumba cha chini kilikuwa na meza nne, saa za kupimia za kubonyeza kwa viganja viwili, na watu wa kila namna: mwalimu mstaafu, muuza vitabu, wasichana wawili mapacha, dereva wa gari la wagonjwa ambaye hakuna aliyemshangaa kupenda haraka. Fundi alianza kama wote wanavyoanza, tabaka la chini kwanza, la kati, la juu mwisho. Mara ya kwanza alitumia dakika saba na akatokwa jasho. Baada ya wiki mbili alikuwa dakika mbili na nusu. Kimya akamwambia aiache njia ile kama mtu anayeacha magongo, akaanza kumfundisha njia ya wenye haraka: kwanza msalaba chini, kisha kona na mwenzake wa pembeni viingizwe pamoja kama mtu na mkewe, kisha tabaka la juu kwa fomula, yaani mizunguko iliyopangwa kwa mfuatano, na fomula hazikaririwi kwa kichwa, zinakaririwa kwa vidole.

Kwa siku kumi akawa mbaya kuliko alivyokuwa. Mume wake, ambaye ni mpaka rangi na nusu ya nyumba za mtaa zina mkono wake, alimkuta kitandani akizungusha hewa kwa vidole.

"Mimi ndiye mpaka rangi humu ndani," alimwambia, "rangi elfu na hazijanishinda. Wewe rangi sita tu zinakutoa usingizi."

"Zako hazikimbii, mume wangu."

Dakika moja na nusu. Dakika moja na kidogo. Sekunde hamsini na nane, na hapo akakwama. Wiki nzima, wiki mbili, hamsini na nane, hamsini na tisa, hamsini na nane. Alijitahidi kuzungusha haraka zaidi, mchemraba ukamrukia kutoka mikononi na kugonga ukuta wa maktaba, na Kimya akasema lile neno lake.

Kisha akamkalisha, akamwambia tatizo si mikono. Mikono yake ya kuchonga meno ilikuwa na kasi kuliko ya wengi pale. Tatizo ni kwamba alikuwa anaangalia kipande anachokiweka. Kipande unachokiweka kimeshakwisha, kiache, vidole vinakijua. Macho yatafute kinachofuata.

Fundi alibaki ameushika mchemraba, na hakuwa tena chumba cha chini. Alikuwa na miaka minane, amekaa juu ya gunia la barua siku ya likizo, anamtazama baba mbele ya vishubaka. Mkono wa kulia unarusha barua, paa, kishubaka cha juu, paa, cha pembeni, na baba haangalii hata kimoja. Macho yake yamo kwenye barua inayofuata. Alimuuliza siku ile anajuaje kwamba haikosei njia. Baba alimjibu bila kugeuka: "Hiyo imeshaondoka, mama. Mimi namsoma huyu."

Alianza upya, polepole, kama mtu anayetembea gizani akiwa na uhakika wa nyumba. Sekunde hamsini na moja. Jumamosi iliyofuata, arobaini na nne. Siku moja, thelathini na tisa, na pacha mmoja akampigia makofi mpaka akanyamazishwa.

*

Mchemraba wa baba hakuwa ameugusa. Alisema ni mgumu, utamharibia mikono, na kweli ulikuwa mgumu. Lakini ukweli mwingine ni kwamba alitaka kuufikia akiwa amestahili. Jumatano, siku tatu kabla ya mashindano ya mchemraba ambayo Kimya alikuwa ameyaandaa maktaba na kabla ya safari ya mzee Muhuri, ndipo alipoushusha kutoka kwenye rafu.

Ulikwaruza sauti ileile. Msalaba, jozi nne, tabaka la juu. Hapo akasimama. Vipande vya rangi mbili vya tabaka la juu huwa vinne. Vitatu vilikuwa vimekaa sawa, na kimoja, chenye nyekundu na kijani, kilikuwa kimepinduka. Akadhani amekosea. Akauvuruga, akaanza upya. Kilekile. Mara ya tatu alikwenda hatua kwa hatua kama baba na karatasi zake, na mwishoni akajisikia akisema kwa sauti, "Kimoja tu."

Alifunga karakana mapema akaupeleka maktaba. Kimya aliutazama kwa kitambo kisichozidi pumzi moja.

"Huu haukamiliki."

Alimweleza kwa upole, pengine kwa sababu alikuwa ameona uso wake. Ukizungusha tu, kipande kimoja hakiwezi kupinduka peke yake. Vinapinduka viwili viwili, ndivyo ulivyotengenezwa. Ukikiona kimoja peke yake, ujue mtu aliingiza mkono: ama aliufungua, ama alibandua vibandiko vya rangi akavirudisha vibaya. "Hata bingwa angekaa nao mpaka kiama," alisema.

Fundi hakuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa anaunusa mvuke.

Baba alikuwa amemfundisha kubandua stempu kutoka kwenye bahasha za zamani, kwa birika. Usivute, alimwambia, acha mvuke ufanye kazi. Basi siku moja, baba akiwa kazini, mtoto aliona vibandiko viwili vya mchemraba vimeanza kujikunja, nyekundu na kijani, kwenye kipande kimoja. Aliweka birika motoni. Alivibandua vyote viwili vizuri kabisa, bila kuchana, akavipaka gundi ya posta, akavirudisha na kuvikandamiza kwa kiganja mpaka vikashika. Rangi zilikuwa zimevurugwa, hakuna upande wa kumwonyesha kipi kilikuwa wapi. Nyekundu akaiweka pa kijani. Hakumwambia baba. Alitaka agundue mwenyewe kwamba umekuwa mpya, ampongeze.

Kisha baba akazipata zile karatasi.

*

Jumamosi asubuhi chumba cha chini kilijaa. Fundi alikuwa ameingia kwa kushiriki tu. Kila mtu anajaribu mara tano, wanaondoa nzuri kuliko zote na mbaya kuliko zote, zinazobaki wanatafuta wastani. Mchemraba wa baba ulikuwa kwenye mkoba. Basi la mzee lilikuwa saa tano na robo, stendi ni mwendo wa robo saa, na yeye angemaliza saa nne. Nani angempeleka raundi ya pili?

Mikono ikampeleka. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Jaribio la tano hakulisikia kabisa. Alikuwa anasoma barua inayofuata, na alipoweka viganja juu ya saa ilikuwa imeandika thelathini na tatu. Mambo yalichelewa, na Kimya alipobandika orodha ya watu kumi na wawili wa raundi ya pili ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini, na fundi alikuwa wa kumi na mbili. Mume wake, aliyekuja na ovaroli yake yenye madoa, alisoma jina lile mara mbili kama mtu anayesoma hati ya kiwanja.

Raundi ya pili ilikuwa saa tano kamili. Asiyekuwepo akiitwa, nafasi inakwenda kwa wa kumi na tatu.

Alimweleza Kimya kwa maneno machache. Kimya akasema jambo lenye akili: mume wake aupeleke. Alikuwa yupo, ana baiskeli, amekwishanyoosha mkono. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Mchemraba ungefika, na maneno yangefuata siku nyingine kwa simu, siku ambayo angekuwa amejiandaa, siku ambayo fundi aliijua vizuri kwamba haitafika. Mzee angesafiri akiwa na amani yake, na baba yake angebaki yule yule aliyeshindwa na kipande kimoja, na hakuna ambaye angejua. Tena hapo kwenye orodha palikuwa na jina lake. Alikuwa na miaka arobaini na saba na hakuwahi kuona jina lake kwenye orodha yoyote isiyo ya umeme au maji.

"Mchemraba anaweza kuupeleka," alisema. "Kosa ni langu."

Akachukua mkoba.

*

Mzee Muhuri alikuwa ameketi juu ya mizigo yake miwili kando ya muuza chai, shati limenyooka, meno yamekaza. Fundi alimwamkia, akaketi kwenye ubao wa wateja wa chai, na kabla ya jambo lolote akaanza kuzungusha. Mzee akatazama saa ya mkononi. Dakika mbili na sekunde kumi na tisa, kwa ule mgumu. Kisha ukanyamaza.

"Hapohapo," mzee alisema, akakigusa kile kipande kilichopinduka. "Hapo ndipo penyewe. Sasa tulikosea wapi?"

"Hamkukosea."

Alimweleza yote. Birika, stempu, gundi ya posta, kiganja. Hakujitetea kwa utoto wake. Alimwambia na lile la fomu juu ya kabati.

Utingo aliita abiria, watu wakaanza kupandisha mizigo.

"Ile fomu mimi ndiye niliyekuwa shahidi," mzee alisema mwishowe. "Niliitia sahihi. Wiki iliyofuata akaja akaniambia, Muhuri, huko juu kunataka watu wenye kichwa." Alivua miwani akaifuta kwa leso ileile. "Nami sikubisha. Nilikuwa nimeshajaribu huu mchemraba, nikajiona ni wale wale."

Fundi alimwekea mchemraba mkononi.

"Kwa hiyo alikuwa anaupatia," mzee alisema.

"Kila mara. Na wewe pia."

"Kila mara," alirudia, na kitu fulani kikalegea mabegani mwake. Kilikuwa nusu ya kicheko, na nusu nyingine fundi hakuitazama. "Ah, Shubaka. Na majivuno yake yale. Angelijua hilo asingetupa nafasi ya kupumua pale ofisini."

Fundi alimwomba muuza chai birika. Muuza chai alidhani wanataka chai, alipoona wanapika mchezo akajisogeza. Mzee aliushika mchemraba juu ya mvuke. Fundi alitoa kisu chake kidogo cha nta.

"Usivute," mzee alimwambia.

"Najua."

Nyekundu ilitoka nzima. Kijani ikatoka nzima. Chini yake gundi ilikuwa bado ina rangi ya asali. Akavibadilisha mahali, na mzee akamzuia mkono, akasema hapo pana mwenye kazi yake. Aliuweka mchemraba gotini, akakunja ngumi, akagonga mara mbili kwa upande wa kiganja, kama alivyogonga barua miaka thelathini: moja juu ya nyekundu, moja juu ya kijani.

Fundi alizungusha hatua chache zilizobaki. Pande zote sita zikatulia.

Mzee aliugeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye kona iliyong'atwa. Utingo alimwita mara ya pili, mzee wangu, tunaondoka. Alisimama, akampa fundi mchemraba kwa mikono miwili.

"Aliniambia nimrudishie umekamilika," alisema. "Yeye hayupo. Pokea."

Fundi akaupokea. Saa ya stendi ilikuwa inasema saa tano na dakika kumi na nne, na kule maktaba, chumba cha chini, walikuwa wameshamwita mtu wa kumi na tatu.